Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Kinshasa, Vijana wa New York

Tangu tulipochapisha makala juu ya albamu ya kwanza ya bendi ya Vampire Weekend katika toleo lililopita, barua zimekuwa nyingi kuliko tulivyozoea kupokea kwa muziki wa nje. Kwa ambaye hakuisoma makala ile, albamu hiyo inaitwa kwa jina la bendi yenyewe, ina nyimbo 11, haifiki dakika 35, na ilitolewa nchini Marekani tarehe 29 Januari 2008 na XL Recordings, lebo huru ya London, yaani kampuni ya rekodi isiyo chini ya makampuni makubwa ya muziki. Walioitengeneza ni vijana wanne waliokutana katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York: mwimbaji na mpiga gitaa Ezra Koenig, Rostam Batmanglij aliyepiga kinanda na kuitayarisha albamu, mpiga besi Chris Baio na mpiga dramu Chris Tomson. Barua ninazojibu hapa zinagusa pande za mjadala ambazo makala haikuzifikia.

Mhariri, salamu. Kijana wangu aliye chuoni alinisikilizisha wimbo wenye jina la kwasa kwasa ndani yake, ulioimbwa na Wamarekani. Mimi nilicheza kwasa kwasa katika harusi za miaka ya tisini. Nilipousikia nilitabasamu, halafu nikakasirika. Je, hawa si wezi? Na wahakiki wa kwao walisemaje? (Msomaji, Kisumu)

Ndugu msomaji, tabasamu lako lina sababu na hasira yako ina sababu, na ningependa usiache kimoja kwa ajili ya kingine mpaka tufike mwisho wa jibu hili.

Wimbo uliousikia ni Cape Cod Kwassa Kwassa. Cape Cod ni rasi katika jimbo la Massachusetts ambako watu wenye uwezo huenda kupumzika wakati wa kiangazi. Kwasa kwasa unaijua kuliko ninavyoweza kukueleza: ni mtindo wa Kinshasa wa miaka ya themanini, uliosambazwa barani kote na kina Pepe Kalle na hasa Kanda Bongo Man, aliyehamia Paris mwaka 1979 na ambaye mwaka 1989 alitoa albamu iliyobeba jina la mtindo huo. Anayeweka majina hayo mawili bega kwa bega katika jina la wimbo mmoja anatangaza mapema kwamba kuna kitu kimetolewa kwao na kupelekwa ugenini. Mashairi nayo yanakwenda njia hiyo hiyo, kwa maana yanasimulia msichana, mikoba na nguo za kampuni kubwa za Ulaya, na muziki wa Karibeani unaosikika pembeni, huku mwimbaji akikiri kwamba jambo lote lina namna fulani ya kutokuwa la asili. Kwa hiyo wimbo huu unajua unachokifanya, na mimi nauhesabia hilo kuwa ni uaminifu, ingawa uaminifu haumlipi mpiga gitaa wa Kinshasa.

Kuhusu wizi, bendi haikuchukua wimbo wa mtu wala rekodi ya mtu. Ilichukua namna ya kupiga gitaa, na namna ya kupiga gitaa haina hatimiliki, jambo ambalo limewafaidia Waafrika pia, kwa kuwa rumba ya Kongo yenyewe isingekuwapo kama vijana wa Kinshasa na Brazzaville wa miaka ya arobaini na hamsini wasingesikiliza santuri za Kuba na kuzigeuza kuwa zao. Anayetaka kuwaita Vampire Weekend wezi kwa kuiga mtindo atalazimika kufungua kesi nyingi sana, na nyingine zitaangukia watu tunaowaheshimu.

Wahakiki wengi waliisifu albamu hii, na baadhi yao walianza kuisifu kabla haijafika madukani. Jarida la Spin liliiweka bendi kwenye jalada lake la Machi 2008, heshima ambayo kwa kawaida hupewa bendi yenye albamu kadhaa mgongoni, na mwaka 2012 Rolling Stone iliiingiza albamu hii katika orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote. Waliosifu walisema gitaa lile safi, lisilo na mkwaruzo wa roki, lilileta hewa mpya katika muziki wa bendi za Marekani uliokuwa umezidi uzito na huzuni. Waliolaumu walisema hawa ni watoto wa chuo cha gharama kubwa, waliovaa kama watoto wa matajiri, wakijipamba kwa sauti za watu maskini. Bendi iliwarahisishia wapinzani kazi kwa kuuita muziki wake, nusu kwa utani, Soweto ya Upper West Side, yaani ya mtaa wa New York ulio karibu na chuo chao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kambi zote mbili. Soma tahakiki za mwaka 2008, za sifa na za lawama, utakuta jina la Paul Simon na albamu yake ya Graceland ya mwaka 1986 likirudiwa mara kwa mara, ilhali majina ya Kanda Bongo Man na mpiga solo wake Diblo Dibala yanaonekana kwa nadra. Graceland ilijengwa juu ya muziki wa Afrika Kusini. Kutoka Soweto hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa ndege, na gitaa la mbaqanga, muziki wa dansi wa vitongoji vya Afrika Kusini, na gitaa la Kongo vina mpangilio tofauti, historia tofauti na hata sababu tofauti za kuwapo. Mhakiki anayesikia gitaa la Kikongo na kumtaja Mmarekani mwenzake kuwa ndiye chimbuko anafanya kosa kubwa kuliko la vijana wale wanne, ambao angalau waliandika kwasa kwasa kwenye jalada la albamu yao kila mtu aone.

Tena ulinganisho huo uliwapotosha watu kuhusu lawama yenyewe. Paul Simon alikwenda Johannesburg mwaka 1985 wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza kuisusia Afrika Kusini kiutamaduni, na kwa hilo alilaumiwa vikali na watu waliokuwa na haki ya kulaumu. Lakini akiwa kule alikaa studio na wapigaji kama Ray Phiri na Bakithi Kumalo, akawalipa mara tatu ya kiwango cha New York, na baadaye akaandika wimbo Homeless pamoja na Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo, kundi la waimbaji la Afrika Kusini, na jina la Shabalala likawekwa kwenye haki za utunzi. Vampire Weekend hawakuvunja mgomo wowote, lakini pia hawakukaa studio na Mkongo yeyote walipotengeneza albamu ile. Mmoja alivunja mgomo na akalipa, hawa hawakuvunja kitu na hawakuwa na wa kumlipa. Ni mashtaka mawili tofauti, na wahakiki waliyamimina katika chungu kimoja.

Ndiyo maana nasema, ndugu yangu, kwamba hasira yako ikitafuta pa kutua isiwasahau walioandika. Pale ambapo mtindo umechukuliwa bila mwenye mtindo kuingia studio, ujira pekee unaoweza kumfikia ni kutajwa kwa jina, ili msikilizaji wa Boston au Manchester aliyependa gitaa lile ajue aende kununua rekodi ya nani. Wahakiki ndio waliokuwa na uwezo wa kutoa ujira huo, na wengi wao waliutumia kwa kujadili viatu vya Ezra Koenig.

Mimi ni mpiga gitaa wa solo katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Nimeisikiliza albamu yote mara kadhaa. Wanaosema ni muziki wa Kiafrika wanasikia nini ambacho mimi sikisikii? (Msomaji, Kinondoni)

Bwana mpigaji, masikio yako yako sawa, na swali lako ndilo lililonipa raha zaidi kulijibu.

Kinachosikika katika Cape Cod Kwassa Kwassa ni rangi ya gitaa: sauti safi na kavu, nyuzi nyembamba, mkono ukiwa juu shingoni, tuni fupi ya noti chache inayorudiwa kwa furaha. Msikilizaji ambaye amelelewa na gitaa lililojaa mkwaruzo wa amplifaya anaposikia rangi hiyo anadhani amefika Kinshasa. Wewe unajua kwamba rangi ni mwanzo tu. Katika bendi ya Kongo, gitaa la solo halisimami peke yake. Lina mi-solo inayolijibu kutoka katikati, lina rhythm inayoshikilia chini, na utamu wote uko katika namna magitaa hayo matatu yanavyofumana hata msikilizaji ashindwe kusema noti gani imetoka kwa nani. Katika wimbo huu mfumano huo haupo. Kuna gitaa linaloongoza, dramu nyepesi zenye nafasi nyingi, besi yenye adabu, na kinanda kinachoingia nyuma ya sauti.

Hakuna sebene pia, ile sehemu ya kasi ambapo magitaa hushika usukani na watu hucheza, na kwangu hili ndilo jambo la msingi. Kanda Bongo Man alipata jina Paris kwa sababu aliufupisha ule mwanzo wa polepole wa rumba na kuwafikisha wachezaji kwenye sebene haraka, kisha akamwachia Diblo Dibala akimbie. Mtindo wa kwasa kwasa, kiuno na mikono na vyote, ulikaa juu ya sebene hiyo. Vijana wa New York walichukua jina la mtindo na rangi ya gitaa, wakaviweka juu ya wimbo wa pop wa dakika tatu na nusu wenye ubeti na kibwagizo, na wimbo ukaisha pale ambapo wewe na wenzako mngekuwa ndio kwanza mnaanza kuamsha watu vitini. Sisemi hili kuwadharau, kwa maana wimbo wa pop una sheria zake na huu unazitii vizuri sana. Nasema ili tujue tunachokihukumu.

Ukiendelea na nyimbo nyingine utaona Afrika inazidi kupungua. M79, uliopewa jina la basi linalokatiza bustani kubwa ya Central Park, umejengwa kwa fidla na harpsikodi, kinanda cha kale cha makasri ya Ulaya. A-Punk ni mbio tupu, na ndugu zake wa karibu ni bendi za Uingereza za mwishoni mwa miaka ya sabini. Batmanglij alisomea muziki chuoni, na mkono wake unasikika zaidi katika upangaji wa fidla kuliko katika jambo lolote la Kiafrika. Ningekuwa ndiye ninayeandika tahakiki mwaka 2008 ningesema hii ni albamu ya pop ya Kimarekani yenye masikio mapana, iliyopigwa kwa wepesi wa kupendeza, ambayo katika nyimbo chache imejifunza rangi ya gitaa kutoka Kongo na kidogo kutoka Afrika Kusini. Sentensi hiyo haiuzi magazeti, lakini ingewaepusha watu na ugomvi mwingi.

Shikamoo mwandishi. Mlisema katika makala kwamba Pitchfork iliipa albamu hii alama 8.8. Kwa nini alama za tovuti moja zichukuliwe kuwa jambo kubwa hivyo? Muziki unapimwaje kwa desimali? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Pitchfork, tovuti ya tahakiki za muziki, ilianzishwa mwaka 1996 na Ryan Schreiber, kijana wa Minneapolis aliyekuwa anaandikia nyumbani kwao, na baadaye ikahamia Chicago. Inatoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0. Kwa miaka kama kumi, takriban kuanzia 2003, tovuti hiyo ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote kwa muziki wa lebo huru, kwa sababu redio kubwa hazikuupiga muziki huo na msikilizaji hakuwa na huduma ya kumwezesha kusikia kila kitu kwa ada ndogo ya mwezi. Ilimbidi anunue, na kabla ya kununua alitaka mtu wa kumshauri.

Nguvu hiyo iliwainua wengine na kuwavunja wengine. Mwaka 2004 bendi ya Arcade Fire kutoka Montreal ilipewa 9.7 kwa albamu yake Funeral, na lebo yao ndogo ikaishiwa nakala kwa jinsi watu walivyozikimbilia. Mwaka huo huo Travis Morrison, mwanamuziki aliyekuwa na wafuasi wake wa miaka mingi, alipewa 0.0, na yapo maduka ya rekodi yaliyosita kuipokea albamu yake kwa sababu ya alama hiyo. Unapoyajua hayo unaelewa kwamba 8.8 kwa bendi changa ilikuwa na uzito wa fedha, wa tiketi za maonyesho na wa simu kutoka kwa mapromota.

Ama kuhusu desimali, mimi siziamini, na sijawahi kukutana na mtu anayeweza kunieleza tofauti ya 8.7 na 8.8 kwa kutumia muziki wenyewe. Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, iliongeza tatizo kwa kuchukua tahakiki za magazeti mengi, kuzigeuza zote kuwa namba kati ya 0 na 100, hata zile ambazo mwandishi wake alitoa herufi, kisha kuzipa baadhi ya magazeti uzito kuliko mengine bila kuutangaza uzito huo. Vampire Weekend ilipita 80 huko. Ukiiona namba kama hiyo ichukulie kuwa taarifa kwamba wahakiki wengi walifurahi, basi, halafu usome walichoandika. Pitchfork yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Condé Nast mwaka 2015, na Januari 2024 ikaunganishwa na jarida la GQ, hatua iliyoambatana na kupunguzwa kwa waandishi. Nilisikitika, pamoja na kutoziamini desimali zao, kwa sababu chini ya kila alama palikuwa na mtu aliyekaa na albamu na kuandika maneno mia kadhaa juu yake, na watu wa namna hiyo wanazidi kupungua.

Mwandishi, katika mashairi ya wimbo wa kwasa kwasa anatajwa Peter Gabriel. Huyu ni nani, na anaingiaje katika habari ya gitaa la Kongo? (Msomaji, Dodoma)

Peter Gabriel ni mwimbaji wa Uingereza aliyeanza na bendi ya Genesis, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1982, na wa lebo ya Real World mwaka 1989. Kwa msikilizaji wa Marekani jina lake ni kielelezo cha Mzungu aliyependa muziki wa dunia yote, na ndiyo maana Koenig alimtaja. Gabriel hakununa. Baadaye aliurekodi wimbo huo huo yeye mwenyewe pamoja na bendi ya Hot Chip.

Kwetu jina hilo lina habari nyingine ambayo wahakiki wa New York hawakuigusa. Ni Real World waliomrekodi Dakta Remmy Ongala na Super Matimila, wakatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na gitaa la Kongo likapata Kiswahili cha Sinza na Kariakoo kinywani mwake, likasema habari za kifo, umaskini na ukimwi kwa uwazi uliowatisha wakubwa. Kwa hiyo jina lililotupwa katika wimbo wa vijana wa Columbia kama mzaha mwepesi lina mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye muziki wa Tanzania, na mhakiki ambaye angeufuata angekuwa na tahakiki ya kuandika.

Assalaam aleykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi London. Wenzangu wa hapa walikuwa wakiichukia bendi hii kwa sababu ya utajiri wao tu, hata kabla ya kuisikia. Je, kuna Mwafrika yeyote aliyeulizwa? (Msomaji, London)

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Chuki hiyo ilikuwapo kweli, na ilitokana kwa sehemu na jinsi muziki ulivyosafiri wakati ule. Nyimbo za Vampire Weekend zilikuwa zikizunguka mtandaoni mwaka mzima wa 2007, kutoka kwenye CD walizochoma wenyewe, kiasi kwamba albamu ilipotoka mashabiki wa kwanza walikuwa wamekwisha kuchoka na wapinzani wa kwanza walikuwa wamekwisha kukasirika. Msikilizaji wa kawaida alikutana na ugomvi kabla ya kukutana na wimbo. Hata picha ya utajiri haikuwa sahihi kama ilivyochorwa. Batmanglij ni mtoto wa wahamiaji kutoka Iran, Koenig anatoka familia ya Kiyahudi ya New Jersey na baada ya chuo alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya Brooklyn. Kuwaunganisha wote katika kabila moja la Wamarekani weupe wa ukoo mkubwa kulikuwa uvivu. Lakini chuo chao ni cha watu wachache wenye bahati, mavazi waliyachagua wenyewe, na nyimbo zao nyingi zinazungumzia maisha ya chuoni na likizo za matajiri. Msikilizaji aliyeona dunia hiyo ni finyu hakuwa na kosa, na mimi mwenyewe naiona ni finyu.

Kuhusu Waafrika kuulizwa, majarida makubwa hayakujisumbua sana. Lipo jibu moja zuri, hata hivyo, na lilitoka mjini kwako. Esau Mwamwaya, mzaliwa wa Malawi, alikuwa na duka la samani za mitumba huko Hackney, na kupitia duka hilo akafahamiana na watayarishaji wawili wa muziki, mmoja Mswidi na mwingine Mfaransa. Wakaunda kundi la The Very Best. Mwaka 2008 walitoa mkusanyiko wa bure mtandaoni ambamo Mwamwaya aliimba kwa lugha yake juu ya muziki wa watu wengine, na miongoni mwao ulikuwamo Cape Cod Kwassa Kwassa. Mwaka uliofuata kundi hilo lilitoa albamu ya Warm Heart of Africa, na katika wimbo wenye jina hilo Ezra Koenig ndiye aliyekuja kuimba akiwa mgeni.

Naomba uzisikilize rekodi hizo mbili kwa kufuatana. Katika ya kwanza Mmalawi anaingia ndani ya wimbo wa Wamarekani bila kuomba ruhusa ya mtu, anaimba kwa furaha inayoufanya wimbo wa awali usikike baridi, na katika ya pili mwenye wimbo anaitikia wito na kukaa upande. Hakuna tahakiki ya wakati ule iliyolieleza suala la kukopa na kukopeshana kwa ufasaha kama rekodi hizo.

Albamu zilizofuata zilipokewaje? (Msomaji, Arusha)

Zilipokewa vizuri zaidi. Contra ya Januari 2010 ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard 200, jambo la nadra kwa albamu ya lebo huru, na kwa sauti ilijitanua zaidi, ikaingia kwenye kompyuta na ngoma za Karibeani. Modern Vampires of the City ya mwaka 2013 ilipewa 9.3 na Pitchfork na ikashinda Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala mwaka 2014. Gitaa la Kongo lilikuwa karibu limetoweka, na lawama zikatoweka nalo. Batmanglij alitangaza kuondoka mwaka 2016. Bendi inaendelea, na albamu yao ya mwaka 2024 ni nzuri, ila iko mbali na mjadala wetu wa leo.

Mwandishi, je, katika miaka hiyo hiyo hapakuwa na Wamarekani waliofanya kazi na wapigaji wetu ana kwa ana? Na kama walikuwapo, mbona hatukusikia sifa zao? (Msomaji, Homa Bay)

Walikuwapo, na wewe uliye Homa Bay unastahili kuwajua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu muziki waliouchukua ni benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo.

Ian Eagleson alikwenda Kenya kufanya utafiti wa shahada ya udaktari juu ya benga, akafahamiana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Eagleson alikuwa pia na bendi yake ya roki nyumbani, iliyoitwa Golden, pamoja na Alex Minoff. Majina ya bendi mbili yakaunganishwa, ikazaliwa Extra Golden. Albamu yao ya kwanza, Ok-Oyot System, ilirekodiwa Nairobi na kutolewa mwaka 2006 na lebo huru ya Thrill Jockey ya Chicago. Otieno Jagwasi hakuiona ikitoka, kwani alifariki mwaka 2005. Nafasi yake ikashikwa na Opiyo Bilongo, ambaye jina lake halihitaji maelezo pande za Nyanza.

Mwaka 2006 walialikwa kupiga Chicago, na ofisi ya seneta wa Illinois wakati huo, Barack Obama, ikasaidia wapigaji wa Kenya kupata viza. Bendi ikamshukuru kwa namna ambayo msikilizaji wa benga angeitarajia, yaani kwa wimbo wa sifa wenye jina lake, uliomo katika albamu ya Hera Ma Nono ya mwaka 2007. Ya tatu, Thank You Very Quickly ya mwaka 2009, jina lake ni shukrani kwa waliotuma fedha kusaidia familia za wapigaji wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Linganisha na yale tuliyokwisha kusema. Hapa wapigaji wa Kenya ni wanabendi wenyewe, lugha ni Kijaluo kikichanganyika na Kiingereza, magitaa yanajibizana kama yanavyotakiwa kujibizana, na nyimbo ni ndefu kwa sababu benga haijui kukatizwa. Wahakiki walioisikiliza waliisifu. Lakini hakuna jarida lililoiweka jaladani, na msikilizaji wa kawaida wa Marekani aliyependa Cape Cod Kwassa Kwassa mwanzoni mwa 2008 hakuambiwa kwamba tayari zilikuwapo albamu mbili za namna hii katika maduka yale yale, tena za lebo huru kama ile.

Sababu zake ni kadhaa, na nyingine ni za kawaida tu. Wimbo wa dakika nane au tisa haupigwi redioni, Kijaluo hakieleweki Chicago, na bendi ambayo nusu yake inahitaji viza haiwezi kuzunguka na kupiga kila wiki kama wanavyofanya vijana wanaoishi mtaa mmoja. Lakini nasisitiza sababu moja ambayo ilikuwa mikononi mwa wahakiki. Vampire Weekend waliwapa jambo la kubishania, na mabishano hayo yaliwahusu Wamarekani wenyewe, chuo chao, matabaka yao na haya zao. Extra Golden hawakuwa na la kubishaniwa, kwa sababu kila aliyestahili kutajwa alikuwa ametajwa na kila aliyepiga alikuwa ndani ya picha. Kwa hiyo kilichobaki kuandikwa juu yao kilikuwa muziki peke yake, na kuandika juu ya magitaa matatu ya benga kunamtaka mwandishi ajue benga.

Ukitaka kuanza, anza na Hera Ma Nono, kisha urudi kwenye Ok-Oyot System umsikie Jagwasi.